Zana za pawatila zilizotengenezwa mtaani: dalili, chanzo na marekebisho

Pawatila, yaani matrekta ya mkono ya magurudumu mawili, zilipomiminika vijijini Tanzania baada ya azimio la Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, nyingi zilishushwa zikiwa na rotaveta (visu vinavyozunguka na kuvuruga udongo) na plau, na zenye bahati zikaja na tela. Mahitaji yaliyofuata yalimalizwa na karakana za mtaani: magurudumu ya chuma ya kuingilia majarubani, tela la kubebea mpunga, jembe la matuta, fremu ya pampu. Mafundi wetu ni hodari, hilo sibishani nalo. Ila ukikaa na wenye mashine wa Usangu, Kilombero au Kyela utasikia malalamiko yaleyale, na dawa inayotolewa ni ileile: ongeza chuma, chomelea tena.

Mara nyingi chuma hakina kosa. Zana imefungwa mahali pabaya, au ilipimwa juu ya sakafu ya karakana huku kazi yake iko ndani ya mtaro wenye tope. Kwa hiyo kabla hujamwita mwenye mashine ya kuchomelea, tafuta futi ya utepe, pima maji, uzi mrefu na matofali mawili. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanagunduliwa kwa hivyo tu.

Ninazungumzia mashine ya kushika kwa mikono, yenye magurudumu mawili, injini ya S195 ya nguvu farasi 12 au ile S1100 inayoizidi kidogo. Mwenye trekta dogo la magurudumu manne atapata mengi ya kumfaa pia, isipokuwa sehemu ya mteremko, ambayo ni ya pawatila peke yake.

Sharti moja kwa kila ukaguzi: injini izimwe. Kutia gia huru hakutoshi. Zima, subiri gurudumu zito la injini litulie kabisa, ndipo uingize mkono. Shafti inayozunguka hunasa khanga, mtandio au mkono wa shati kabla mtu hajapata muda wa kupiga kelele.

Plau haiingii ardhini, inakwaruza juu juu

Anza na udongo wenyewe. Mfinyanzi uliokauka hadi ukapasuka hauingiliki hata kwa plau ya kiwandani, na pawatila haina uzito wa kuulazimisha. Kama ukipiga jembe la mkono linadunda, subiri mvua au fungulia maji.

Udongo ukiwa sawa, mshitakiwa wa kwanza ni ncha iliyolika. Weka plau juu ya sakafu tambarare, itazame kwa upande. Ncha na kisigino vinapaswa kugusa sakafu, na katikati yake pabaki uwazi wa milimita chache unaopitisha mwanga. Uwazi huo ndio unaoifanya plau ijivute chini. Ncha ikishalika, plau inalala bapa na haina sababu ya kuzama. Badilisha ncha, au mpe mhunzi aivute upya kwa moto.

Ncha ikiwa nzima, angalia pembe ambayo fundi aliifungia boriti, ule mkono unaoishika plau nyuma ya mashine. Hapa ndipo zana za mtaani zinapokosea zaidi: plau imechomelewa moja kwa moja kwenye kiungo, haipandi wala haishuki, na pembe ile ya siku ya kwanza ndiyo imekuwa ya milele. Kata hapo, weka bamba lenye matundu matatu yaliyopangana wima, kama sentimita 2 kati ya moja na jingine. Tundu moja litakuwa la ardhi laini, jingine la ngumu. Kazi ya nusu siku, na plau inageuka kuwa zana ya misimu yote.

Sababu ya mwisho, na adimu, ni boriti ndefu mno. Plau ikikaa mbali sana nyuma ya ekseli, kila tuta dogo ambalo gurudumu linapanda linaifanya plau ipande au izame kupita kiasi, na mstari wako unakuwa wa mawimbi. Fupisha boriti, lakini acha nafasi ya mguu wako kutembea bila kugonga.

Acha kabisa tabia ya kumkalisha kijana juu ya plau ili kuongeza uzito. Ikigonga kisiki anaangukia ama mbele ya ncha ama chini ya vishikio. Plau isiyoingia bila mtu juu yake haijarekebishwa bado.

Inaingia, ila mashine inavutwa upande mmoja na mikono inachoka

Kagua hewa kwanza. Tairi mbili zenye hewa tofauti zina vimo tofauti, na mashine itaelekea kwenye ile fupi. Halafu tazama mashine ukiwa nyuma yake: vishale vya kashata (meno) za tairi vielekee juu pande zote mbili. Watu hubadilisha rimu kushoto na kulia ili kupanua nafasi kati ya magurudumu, wakasahau kwamba tairi moja sasa inazunguka kinyume. Inavuta vibaya na haijisafishi tope.

Kama hewa na tairi ni sawa, basi tatizo ni ulalo. Plau inayogeuza udongo kulia hutembeza gurudumu la kulia ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, na la kushoto juu ya ardhi ambayo bado. Mashine nzima inainama kulia. Plau iliyosimamishwa wima karakanani inainama pamoja nayo, inakata kwa ubavu na kuisukuma mashine. Dawa yake: pandisha gurudumu la kushoto juu ya matofali yenye kimo sawa na kina unacholima, sentimita 15 kwa mfano, ndipo uiweke plau wima kwa pima maji na uifunge. Mtaro wa kwanza utakuwa mbaya kwa sababu magurudumu yote mawili yako juu. Wa pili utanyooka.

Kikibaki kivuto kidogo baada ya hapo, sogeza plau kushoto au kulia sentimita moja moja. Usianze na kusogeza. Wengi huanzia huko, na wakimaliza hawajui tena kilichoharibika ni kipi.

Magurudumu yanateleza au mashine inajichimbia

Fanya hesabu kabla ya kulaumu tairi. Mashine na injini yake ina uzito wa kati ya kilo 300 na 500 kutegemea aina, na kwenye udongo wa kawaida inavuta karibu nusu ya uzito huo, pungufu zaidi penye utelezi. Plau moja ya upana wa sentimita 20 ikikata kina cha 15 kwenye udongo wa wastani tayari inadai nguvu ya kilo 150 au zaidi. Sasa fundi akikuchomelea plau mbili kwenye fremu moja kwa sababu trekta kubwa zinazo tatu, hakuna tairi duniani itakayokusaidia. Toa moja.

Zana ikiwa ya saizi yake, punguza hewa kidogo kwenye tairi, kisha ongeza uzito. Kujaza maji ndani ya tairi mpaka usawa wa valvu, valvu ikiwa juu, ni njia rahisi kuliko kuning'iniza vyuma. Kumbuka tu kupunguza kabla ya msimu wa barabara.

Magurudumu ya chuma ya majarubani yana maradhi yake mwenyewe. Yakiwa na kipenyo kikubwa kuliko tairi za asili, mashine inakwenda kasi zaidi kwa gia ileile na giaboksi inabeba mzigo ambao haikuumbiwa. Kashata zikiwa zimesimama wima mno zinabeba tope na kulitupa juu, zikilala mno zinateleza. Tengeneza kwa kipenyo kinachokaribiana na cha tairi, zipe mwinamo, na acha nafasi pana ili tope lidondoke lenyewe. Na usiyaendeshe juu ya barabara ngumu, hata mita mia mbili za kutoka nyumbani. Kila kashata inayogonga ni nyundo juu ya beringi za ekseli.

Mashine ikishajichimbia, punguza moto wa injini. Magurudumu yakigoma huku injini inasukuma, mwili wa mashine ndio unaozunguka: ukienda mbele pua inapanda na vishikio vinagonga chini, ukirudi nyuma vishikio vinaruka juu kwenye kidevu chako. Toa zana, weka mbao mbele ya magurudumu, tumia gia ya chini kabisa.

Simama na umtafute fundi wa giaboksi ukisikia mlio wa kusaga kutoka kwenye ekseli, ukiona oili inavuja kwenye sili baada ya kufunga magurudumu mapya, au gurudumu likicheza ukilitikisa kwa mkono. Kurefusha ekseli kwa kuchomelea kipande usikubali, hata fundi akikuapia. Panapounganishwa ndipo patakapokatika, na patakatika ukiwa na mzigo.

Tela linayumba, linapasuka shingo, au linakushinda kwenye mteremko

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa zaidi.

*Linacheza mkia barabarani.* Angalia hewa, kisha pini ya kiungo. Tundu likiwa limelika hadi likawa yai, weka bushi mpya badala ya pini nene zaidi iliyochongwa kwa grainda. Baada ya hapo tazama mzigo: magunia yakilundikwa nyuma ya ekseli, shingo inanyanyuka na kuinua sehemu ya nyuma ya pawatila, na tairi zinapoteza mshiko. Kipimo chake ni rahisi maana kila kijiji cha mpunga kina mizani. Pakia tela kama kawaida, egesha tambarare, weka shingo juu ya mizani kwa kimo kilekile cha kiungo. Isome kati ya sehemu 10 na 15 kwa kila 100 ya uzito wote. Tela na mzigo vikiwa kilo 500, shingo ilale na kilo 50 hadi 75. Ikisoma chini ya hapo hata magunia yakisogezwa mbele, ekseli imewekwa mbele mno, na ni lazima ihamishwe nyuma. Ikizidi sana, kiungo na giaboksi ya mashine ndivyo vinavyobeba.

Ekseli nyingi za matela ya mtaani zimetoka kwenye gari chakavu, na gari hilo halikuwa chakavu bila sababu. Pima umbali kati ya tairi mbili upande wa mbele, halafu upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Vipimo viachane kwa milimita chache tu. Vikiachana kwa sentimita 2, ekseli imepinda, na tairi zitalika upande mmoja kabla msimu haujaisha.

*Shingo inapasuka, inachomelewa, inapasuka tena.* Gurudumu moja la tela likiingia kwenye shimo, tela linataka kuinama peke yake bila pawatila. Matela mengi ya kiwandani yana sehemu kwenye shingo inayojizungusha ili kuruhusu mwinamo huo. Ya mtaani mara nyingi yana pini wima tu, inayoruhusu kukata kona, basi. Msokoto wote unaishia kwenye shingo, na ukiongeza chaneli nene zaidi unauhamishia msokoto kwenye kiungo cha mashine, ambacho ni cha gharama kubwa zaidi. Tengeneza mzunguko: bomba ndani ya bomba, lenye nafasi ndogo ya grisi, washa pana mbele na nyuma, nati yenye pini ya kuzuia isijifungue. Kisha pitisha mnyororo wa akiba kutoka kwenye tela hadi kwenye fremu ya mashine. Nati ikitoka siku moja, tela halitakwenda peke yake sokoni.

*Linakushinda kwenye mteremko.* Soma hapa polepole, hasa kama unakodisha mashine kwa vijana wapya. Pawatila hukata kona kwa kukata nguvu ya gurudumu moja: ukibana kishikio kidogo cha kukatia kona cha kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa, la kulia linaendelea kusukuma, unaenda kushoto. Kwenye mteremko wenye mzigo nyuma mambo yanageuka. Tela linaisukuma mashine, na injini ndiyo inayoizuia. Ukibana kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa huru, halizuiwi tena na injini, linakimbia kuliko la kulia, na mashine inaelekea kulia. Dereva anashtuka, anabana zaidi, inazidi kwenda asikotaka. Hakuna kilichoharibika kwenye mashine ikifanya hivyo, ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo simama juu kabla ya kuanza kushuka. Tia gia ya chini, usiibadilishe njiani, usivute klachi kubwa wala kutia gia huru. Usiguse vishikio vya kukatia kona, elekeza mashine kwa kusukuma mikono yake kwa mwili. Kasi idhibitiwe na injini pamoja na breki ya tela.

Na je, tela lako lina breki? Breki ya pawatila yenyewe ni ndogo, imekusudiwa mashine na zana ya shambani, haikusudiwi nusu tani ya mpunga inayoshuka. Tela lisilo na breki libaki bondeni. Wapo pia wanaoondoa tairi za 6.00-12 na kufunga kubwa za gari ili mashine ipite ile kasi yake ya kilomita 15 hivi kwa saa. Wanapata kasi, na kwa tendo hilohilo wanapunguza nguvu ya breki, kwa sababu breki ileile sasa inashika gurudumu refu zaidi. Rudisha tairi za asili.

Kufunga breki za tela, kubadilisha beringi za habu na kunyoosha ekseli si kazi za kujaribia. Mpe fundi wa magari anayezifanya kila siku, kisha zijaribu na mzigo kwenye tambarare tupu kabla ya kukutana na kilima. Weka pia viakisi mwanga nyuma. Giza la saa moja usiku na tela jeusi lisilo na taa ni hatari kwa lori linalokuja nyuma, na kwako zaidi. Abiria juu ya magunia wakatae, hata akiwa shemeji.

Alama ya kuchomelea inapasuka palepale kila wiki

Mpasuko unaorudi mahali pamoja unakuambia nguvu inapita wapi. Usiufunike tu.

Sababu ya kawaida kabisa ni kuchomelea juu ya kutu, rangi au grisi. Chuma hakikushikana, kimepakwa. Piga grainda mpaka chuma king'ae, pande zote mbili.

Inayofuata ni kufunika mpasuko juu bila kuufungua. Toboa tundu dogo la milimita 3 hadi 5 kwenye kila ncha ya mpasuko ili usiendelee kukimbia, chimba mfereji kwa grainda kuufuata mpaka chini, ndipo ujaze. Bamba la kuongezea nguvu likatwe kwa umbo la almasi, lisikomee kwa mstari ulionyooka kukatiza boriti. Bamba la mraba lililozungushiwa moto pande zote nne linahamisha mpasuko sentimita mbili kando, na wiki ijayo utamlaumu fundi kwa kosa la umbo.

Kisha aina ya chuma. Pleti za springi ya gari zinapendwa kwa sababu ni ngumu na zinapatikana kila soko la vyuma chakavu. Ugumu huo unatokana na kaboni nyingi, na chuma chenye kaboni nyingi kikichomelewa baridi kinakuwa kikavu pembeni ya alama, kinavunjika kama kigae. Kwanza jiulize kama huwezi kukifunga kwa bolti. Bolti mbili zenye namba 8.8 kichwani zinashinda alama nzuri ya kuchomelea kwenye springi, na siku kikilika unakibadilisha shambani kwa spana. Kama ni lazima kuchomelea, pasha moto eneo zima kwanza, mpaka tone la maji likidondoshwa linaruka-ruka badala ya kutulia na kuchemka. Tumia elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za 7018 zilizokaa pakavu, si zile za 6013 za madirisha. Ukimaliza funika kwa majivu makavu ipoe polepole. Kumwagia maji ili kuwahi ni kulipia kazi itakayovunjika kesho.

Unapochomelea kitu kikiwa bado kimefungwa kwenye mashine, kibanio cha waya wa ardhi kiwe karibu kabisa na unapochoma, kwenye chuma kilekile. Ukikibana kwenye vishikio huku unachoma kwenye kiungo cha nyuma, umeme unapita ndani ya beringi na kuziachia vidonda usivyoviona. Mashine yenye betri, ichomoe betri.

Yako mambo matatu ambayo hata fundi mzoefu anapaswa kukataa. Kuchomelea rimu yenye tairi iliyojaa hewa: joto linaigeuza tairi kuwa bomu, na ushahidi wake ni makaburi. Kuchomelea tanki au pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli, hata likioshwa. Na kuchomelea mwili wa giaboksi, ambao ni chuma cha kumimina: joto la kawaida la karakana linaupasua upya na kupindisha mahali pa beringi. Hilo la tatu lipeleke kwenye karakana yenye uzoefu wa chuma cha kumimina. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, inaweza kukuelekeza kwa wanaojua, na kwa kanda ya kaskazini CAMARTEC pale Arusha kazi yao ndiyo hii ya zana za kilimo.

Visu vya rotaveta vilivyochongwa mtaani vinavunjika au mashine inatetemeka

Mtetemo ukianza siku ileile ulipofunga visu, uwezekano mkubwa umechanganya vya kushoto na vya kulia. Vifungue vyote, vipange chini, virudishe kwa mpangilio wa kuzunguka, ili kimoja kiingie ardhini baada ya kingine. Vikiingia vinne kwa mpigo mashine itaruka. Pima pia uzito wa kila kimoja kwa mizani ya dukani. Vya mtaani hutofautiana sana.

Kisu kikivunjika kwenye tundu la bolti, tundu lilichomwa kwa moto badala ya kutobolewa. Kikivunjika kwenye kona, kilipindwa baridi, au kilipindwa moto kikatumbukizwa majini kikaachwa hivyo, kigumu na kikavu. Mhunzi anayejua kazi hukizimia kwenye oili chakavu na kukirudishia moto kidogo baadaye.

Rotaveta isizunguke wakati unarudi nyuma. Kwenye mashine nyingi kuna kizuizi kinachokataa gia hizo mbili kwa pamoja, na kuna mafundi wanaokiondoa ili “kurahisisha”. Mashine ikirudi nyuma visu vinatambaa kuelekea miguuni kwako. Kizuizi kikiwa kimeondolewa, usiitumie mpaka kirudishwe.

Pampu au mashine nyingine ya mkanda: mkanda unateleza, unaungua au maji hayaji

Kaza mkanda kwa kipimo. Bonyeza katikati kwa dole gumba: kwenye urefu wa mita moja kati ya puli na puli, ushuke kama sentimita moja na nusu. Ukikazwa kama uzi wa gitaa unakula beringi za pampu.

Ukiteleza ukiwa umekazwa vizuri, chungulia ndani ya mfereji wa puli. Chini kukiwa kunang'aa, mkanda unakaa sakafuni badala ya kubana kuta, na hata ukaze vipi hautashika. Aidha puli imelika, au umeweka mkanda wa A, wenye upana wa milimita 13 juu, kwenye mfereji wa B unaotaka milimita 17. Mikanda ikiwa mitatu, badilisha yote pamoja. Mpya mmoja kati ya wakongwe wawili utabeba kazi yote peke yake na kufa mapema.

Mkanda unaopinduka au kuruka nje una tatizo la mstari. Vuta uzi kwenye nyuso za puli zote mbili, uguse sehemu nne bila kuacha nafasi. Fremu za mtaani hupinda kidogo injini ikishaanza kuvuta, kwa hiyo pima tena baada ya saa la kwanza la kazi.

Kisha kasi. Mizunguko ya injini ukizidisha na kipenyo cha puli yake, unapata jibu sawa na mizunguko ya pampu mara kipenyo cha puli ya pampu. Injini ya mizunguko 2000 yenye puli ya sentimita 16, kwa pampu iliyoandikwa 1450, inahitaji puli ya pampu ya sentimita 22. Akitokea mtu akafunga ya sentimita 12 ili maji yatoke kwa nguvu, pampu itadaiwa mizunguko karibu 2670, na nguvu inayohitajika inapanda kwa mchemraba wa kasi, zaidi ya mara sita. Injini inatoa moshi mweusi, mkanda unanuka, kila mmoja anaulaumu mkanda.

Kasi ikiwa sawa na maji hayaji, anza na hewa: bomba la kunyonyea lina tundu, kibanio kimelegea, au valvu ya chini, ile ya mdomo wa bomba ulio majini, haizuii maji. Jaza maji, acha dakika kumi, tazama kama yanashuka. Hakikisha pampu inazunguka upande wa mshale. Halafu pima kimo kutoka usawa wa maji hadi pampu. Kinadharia ni mita 10 usawa wa bahari, kivitendo usivuke 6, na huko Usangu, kwenye mwinuko wa mita elfu moja na ushei, toa mita nyingine moja. Ikizidi hapo, shusha pampu karibu na maji. Kuongeza kasi hakutavuta tone.

Na injini ikianza kuchemka ukishafunga zana mpya, usikimbilie kuizima kwa hofu. S195 ya tanki la wazi hupoa kwa maji yake kuchemka na kupanda kama mvuke, ndivyo ilivyoundwa. Angalia boya jekundu: likishuka ongeza maji safi kidogo kidogo. Lakini kama lilishazama na injini imekauka, zima, ondoka, iache ipoe yenyewe mpaka uweze kuishika kwa kiganja. Maji baridi kwenye injini kavu yenye moto yanapasua kichwa cha silinda, na hapo kazi imeshatoka mikononi mwa mchomeleaji ikaenda kwa fundi wa injini.